Tozeni Faini, Acheni Sufuria

Nianze kwa kukiri, maana mjadala huu umejaa watu wasafi. Mwaka wangu wa kwanza kwenye chumba cha habari nilipanda gari la mgambo. Sikukamatwa, nilialikwa. Kabla jua halijachomoza, mimi, mpiga picha na mgambo tisa tulizunguka mitaa ya katikati ya jiji, na kila tuliposimama vitu vilipanda garini: meza za mbao, miavuli, ndoo za maembe, mzani wa muuza dagaa, jiko la mkaa lingali na moto wake. Saa nne nilikuwa ofisini naandika. Niliandika kwamba wafanyabiashara "waliovamia" hifadhi ya barabara "wameondolewa", na kwamba bidhaa zao "zimekamatwa". Mhariri akaweka neno "safi" kwenye kichwa cha habari, ukurasa ukafungwa, tukaenda kunywa chai. Ule mzigo ulikwenda wapi sikuuliza. Wala haikunijia kuuliza.

Miaka miwili baadaye swali lilinifuata nyumbani.

Mama yangu mdogo anapika chapati, maharage na chai jirani na stendi moja ya daladala. Stendi siitaji, na manispaa yake siitaji. Fedha za maharage yale ndizo zilizoninunulia godoro la hosteli nilipoingia chuo kikuu, kwa hiyo katika habari hii mimi si shahidi huru, mnivumilie. Siku hiyo mgambo walikuja saa moja asubuhi, wateja wamejaa. Wenzake wa mitumba na vocha walitimua mbio. Yeye mikono yake ilikuwa kwenye unga, na mtu anayekanda unga hakimbii. Wakachukua jiko, sufuria mbili, chupa mbili za chai, beseni lenye unga uliokwisha kukandwa, na mabenchi mawili. Maharage waliyamwaga mtaroni kwanza ili sufuria iwe nyepesi kubeba. Hakuna aliyemuuliza jina. Hakuna aliyeandika chochote mahali popote.

Alinipigia simu mimi kwa sababu ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, cheo ambacho faida yake mpaka leo ni kupigiwa simu. Tulifika kwenye yadi ya manispaa saa nane mchana. Yadi ile ni pahala pa kwenda kuona jiji letu linaishi vipi. Mikokoteni imelundikwa kama kuni. Mabeseni ya plastiki ya kila rangi, mizani, viatu vya mtumba vya mguu mmoja mmoja, friji dogo la soda limelala kifudifudi. Na pale kwenye kibanda cha walinzi kulikuwa na moto, juu ya moto sufuria, ndani ya sufuria ugali unasongwa.

Mama mdogo akaniminya mkono. "Ile ni yangu."

Sufuria za mama zetu zina majina. Kwa kuwa huazimwa misibani na kwenye shughuli, mwenyewe huchukua msumari na nyundo akagonga nukta kwenye kitako mpaka zikawa herufi, ili matanga yakiisha kila chombo kirudi kwao. Yake ina herufi tatu. Akasogea, akawasalimia wale vijana kwa heshima zote, kisha akasema, "Wanangu, mkimaliza kula naomba sufuria yangu." Mmoja wao, wala hakuwa mkorofi, akamjibu, "Mama, kama ni yako, risiti ya kununulia iko wapi?"

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka mama mdogo akanitazama kwa jicho la kuniambia nifunge mdomo. Watu waliobeba mali za mtu alfajiri bila kuandika hata herufi moja walikuwa wanadai risiti.

Mwisho wa siku tulilipa shilingi 50,000, tukaambiwa hiyo ndiyo faini, na sufuria ilipogeuzwa herufi zikaonekana, tukapewa, ingali ya moto. Beseni lilikuwepo, unga umechacha. Jiko halikuonekana. Chupa za chai hazikuonekana. Sufuria ya pili, ile ndogo, hakuna aliyewahi kuiona hapa duniani, ukiwauliza wao.

Najua utakachosema, kwa sababu na mimi nimekisema. Sheria ni sheria. Njia ya waenda kwa miguu ni ya waenda kwa miguu. Mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupita kwenye meza ya karanga, na mama aliyebeba mtoto mgongoni hawezi kushuka barabarani kupambana na bodaboda kila siku kwa sababu kuna mtu kapanga sidiria juu ya turubai. Kipindupindu kipo, tumekizika, tunakijua. Yote hayo nayakubali, na mama mdogo mwenyewe anayakubali. Aliniambia wazi kwamba pale alipokuwa hapakuruhusiwa. Alivunja sheria ndogo ya manispaa. Sibishani na kosa. Ninabishana na adhabu.

Adhabu iliyoandikwa ilikuwa faini. Adhabu aliyopata ni hii: faini 50,000, jiko jipya, chupa mbili, sufuria, mabenchi, siku tisa bila kupika. Na kwa kuwa mtaji ulimwagwa mtaroni pamoja na maharage, akachukua mkopo wa 100,000 kwa wale jamaa tunaowaita kausha damu, akarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu mwenyewe riba ni kiasi gani. Hakuna hakimu aliyemhukumu hayo. Hakuna diwani aliyeinua mkono kuyapitisha. Yalitokea tu, kama mvua, na sisi wa magazeti tukaandika kwamba jiji limesafishwa.

Jambo lililonikasirisha zaidi nilikuja kulijua baadaye, siku niliyofungua Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ya mwaka 1966. Soma kifungu cha 48. Kinataja mali ambazo haziwezi kukamatwa hata kama umeshindwa kesi, unadaiwa, na dalali wa mahakama yupo mlangoni na amri mkononi. Zimo nguo zako za lazima. Kitanda na matandiko. Vyombo vya kupikia. Zana za fundi. Jembe la mkulima. Kenya nao wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya madai, na sote tuliyatoa kwa Mwingereza aliyekuwa ameyaandika India mwaka 1908. Maana yake ni kwamba tajiri aliyekukopesha milioni mia, akakushtaki, akakushinda, akapewa hukumu yenye mhuri, haruhusiwi kuichukua sufuria yako. Ila kijana mwenye fulana ya kijani na rungu, asiye na karatasi, anaichukua na kusongea ugali.

Wanasheria wataniambia nimechanganya madai na jinai. Sijachanganya. Nauliza kwa nini huruma ya sheria imfikie anayedaiwa mamilioni na isimfikie aliyeweka jiko mita mbili ndani ya hifadhi ya barabara. Aliyeandika kile kifungu alielewa jambo rahisi sana: ukimnyang'anya fundi nyundo yake, hatalipa deni lako wala la mwingine yeyote. Anayetaka faini ilipwe ndiye wa kwanza kutakiwa kulinda jiko linaloipika hiyo faini.

Na wazo hili halikuanzia India. Mwaka 1215 mabwana wakubwa wa Uingereza walimbana Mfalme John mpaka akakubali ule mkataba wanaouita Magna Carta. Mengi ndani yake ni ugomvi wa matajiri wenyewe kwa wenyewe, tuwaachie. Lakini kipengele cha 20 kinasema mtu atozwe faini kwa kadiri ya kosa lake, na hata kosa likiwa kubwa, mfanyabiashara aachiwe bidhaa zake na mkulima wa chini kabisa aachiwe zana zake za shamba. Hiyo ni karne ya kumi na tatu, wakati watu wanakatwa vichwa kwa vitu vidogo. Na kabla ya hapo sana, Torati ilikwisha kukataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la mwenzake kama rehani, kwa kuwa kulichukua jiwe ni kuuchukua uhai wake. Waislamu, Wakristo, wapagani, kila aliyewahi kukaa na mtu anayeishi kwa chombo kimoja amelijua hili.

Kipengele hicho cha mwaka 1215 kiliamshwa juzijuzi tu, Marekani. Jamaa mmoja wa Indiana, Tyson Timbs, alikiri kosa la kuuza heroini. Si malaika, tukubaliane. Faini ya juu kabisa ya kosa lake ilikuwa dola 10,000. Serikali ya jimbo ikataka kuchukua na gari lake, Land Rover aliyoinunua kwa dola 42,000 za bima ya maisha ya baba yake. Februari 2019 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji wote tisa upande mmoja, kwamba katazo la faini za kupindukia linazibana hata serikali za majimbo, na jaji aliyeandika uamuzi, Ruth Bader Ginsburg, akarudi nyuma moja kwa moja mpaka Magna Carta. Baadaye gari lilirudishwa. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: yule alikuwa muuza heroini, na mahakama za nchi nzima zilikaa kitako kupima kama gari lake linalingana na kosa lake. Mama mdogo aliuza maharage.

Sisi tunayo Katiba. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu. Ibara ya 13 inasema haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Sasa niambie, chapati zilizokwisha kuliwa zinakatiwa rufaa wapi? Samaki wabichi wakichukuliwa Jumatatu, mwenye samaki akasikilizwa Alhamisi, akashinda, anarudishiwa nini?

Wasomaji wa hapa mnasoma vitabu, basi mkumbuke *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Nchi ile ni ya kuonewa, watu wema wanafungwa kwa kuleta habari za mema. Na bado Karama, mshtakiwa, anasimama mbele ya baraza na kuachiwa nafasi ajitetee, kwa kirefu, mjumbe mmoja baada ya mwingine. Shaaban Robert alipotaka kubuni dhuluma alibuni dhuluma yenye kesi. Hakufikiria yadi.

Kuna watu watasema nakuza. Sufuria ni sufuria, atanunua nyingine. Desemba 17, 2010, mjini Sidi Bouzid, Tunisia, watu wa manispaa walimnyang'anya muuza matunda mwenye miaka 26 mzani wake. Mohamed Bouazizi alikwenda kwenye ofisi ya gavana kuudai. Hakusikilizwa. Akajimwagia mafuta, akajiwasha. Alifariki Januari 4, 2011, na siku kumi baadaye rais aliyekaa madarakani miaka 23 alikuwa kwenye ndege anakimbia. Dunia nzima ilikumbuka kibao ambacho afisa alisemekana kumpiga, kesi yake ikaishia kufutwa. Mzani umesahaulika. Mimi nauona mzani ule kila nikipita kwenye ile yadi. Sisemi kwetu watu watajiwasha moto, na Mungu apishe mbali. Wengi hufanya kitu cha kimya zaidi: wanaacha kuamini kwamba sheria ina uhusiano wowote nao. Wanarudi palepale kesho yake na kitu rahisi zaidi kukimbia nacho. Ndiyo maana mtaani sasa kuna biashara za turubai lenye kamba pembe nne, vuta, kunja, kimbia. Tumewafundisha kukimbia, halafu tunasema hawana nidhamu.

Na nidhamu yenyewe waitoe wapi? Desemba 2018 waliambiwa wachukue vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na kwamba wasibughudhiwe. Mama mdogo alikitundika chake shingoni kama mwanafunzi wa bweni. Oktoba 2021 wa Dar es Salaam wakaambiwa watoke kandokando ya barabara, waende kwenye maeneo yaliyopangwa. Huenda uamuzi wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, mimi mwenyewe nafurahi kupita Kariakoo bila kukanyaga nyanya za mtu. Lakini mtu anayebadilishiwa kanuni hivyo hastahili kupoteza chombo chake kwa kuchelewa kuelewa kanuni ya leo ni ipi.

Niseme na lugha, kwa sababu lugha ndiyo kosa langu mimi binafsi. "Bidhaa zimekamatwa." Kiswahili kinaturuhusu kusema hivyo bila kumtaja mkamataji, na sisi wa magazeti tunaipenda sana ruhusa hiyo. Anayekamatwa ni mhalifu, kwa hiyo machungwa yanakuwa mhalifu, na mhalifu hana haki ya kudai kurudi nyumbani. Mimi nikichukua jiko la mtu kwa nguvu mbele ya macho yake, kitabu cha sheria kina neno langu: unyang'anyi. Mwenye fulana akifanya hivyohivyo tunaita operesheni. Nairobi watu wamekuwa wakweli kuliko sisi. Neno "kanjo" lilitoka kwenye jina la baraza la jiji, leo mchuuzi akilipaza mtaa mzima unajua ni wakati wa kukimbia. Sisi bado tunaandika "zoezi". Zoezi la kuwaondoa. Kama vile ni mchakamchaka.

Katika kila mjadala wa redioni hujitokeza mtu akasema tusipochukua vitu hawatalipa faini. Sawa, tuseme ni kweli. Basi mwandikieni, mpeni karatasi yenye jina, kosa, kiasi na tarehe, akishindwa kulipa mpelekeni mahakama ya mwanzo. Trafiki anamwandikia mwenye gari la milioni themanini faini ya 30,000 na gari linaondoka na mwenyewe, anadaiwa kwenye mfumo, na hakuna anayesema sheria imekufa. Mwenye gari anaaminiwa. Mwenye sufuria haaminiwi, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachopimwa siyo kosa hata kidogo. Na kama ni lazima kitu kiondolewe njiani, kiondolewe kwa orodha, nakala moja abaki nayo mwenyewe, na siku akija akikute. Jiko halihitaji kulala miezi sita yadi ili barabara iwe wazi. Barabara ilikuwa wazi dakika ile jiko lilipoinuliwa.

Kwenye kikao kimoja cha bajeti nilichotumwa kuripoti nilimuuliza afisa mmoja, baada ya maikrofoni kuzimwa, vitu vya yadi huishia wapi. Akasema vinavyooza vinaoza. Nikauliza visivyooza. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza watoto wanatoka wapi, akacheka, akanishika bega, akaniuliza habari za mhariri wangu.

Habari niliyoiandika mwaka ule wa kwanza bado ipo kwenye maktaba ya gazeti. Nimeirudia kuisoma wiki hii. Kwenye picha kuna mwanamke pembeni, nusu ya uso, ameshika mwiko. Hatukumuuliza jina. Maelezo ya picha yanasema "baadhi ya wavamizi".

Mama mdogo bado anapika, siku hizi eneo jingine, na jioni anarudi nyumbani na kila kitu mpaka kigoda. Amegonga herufi zake tatu kwenye kila chombo, hadi upawa. Jumapili iliyopita nilimwambia nataka kuandika habari ya ile sufuria. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema niandike tu, mwanangu, ila stendi nisiitaje.